Ukoko wa Jumamosi

Miaka tisa nilimfanyia kazi Bibi Masuda,
Manama, kichochoroni nyuma ya soko la dhahabu,
ngazi kumi na nane na paka asiye na jina.
Mimi mtu wa Pangani. Yeye Myahudi, ukoo wa Basra;
baba yake alikuja Bahareni na marobota ya vitambaa, hakurudi.
Tulielewana kwa Kiarabu kibovu,
changu kikichechemea, chake kikisubiri.

Kila Ijumaa baada ya alasiri aliteleka sufuria:
mchele, nyanya, iliki, mayai na maganda yake.
Kuku wa kuchinjwa kwa sheria yao hapatikani mjini,
basi kuku alimwacha, mwaka wa thelathini na mbili huo,
bila kumlaumu mtu, wala kuku.
Moto mdogo, kama jicho linalosinzia.
Ilale humo mpaka kesho.

Kisha glasi: maji chini, mafuta juu,
tambi saba zinaelea.
Anawasha, anafunika macho kwa viganja vyenye harufu ya kitunguu,
anasema maneno aliyofundishwa, halafu anaongea ya kwake.
Siku moja nilimsikia akimtajia Mungu
goti langu la kushoto.

Jumamosi haniagizi kitu, ni mwiko.
Husema tu, kama anayezungumza na ukuta,
"Leo joto limekuja na wanawe wote,"
nami nakwenda kuwasha feni.

Heskeli, mtoto wa dada yake, alikuja kutoka ng'ambo,
kasoma mpaka miwani imekuwa mizito.
"Mama mkubwa, kwa nini saba, si mbili?
Ni mwalimu gani aliyesema? Kitabu kipi?"
Bibi akatafuta kwa dhati,
kama mtu anayepapasa sindano kwenye mkeka.
"Kwa mama zilikuwa saba.
Alipokufa hakuniachia maelezo, aliniachia glasi."
Halafu, bila kejeli hata chembe:
"Wewe soma, mwanangu. Ukifika pazuri, niite."

Mwaka ule wa mwisho kifua kilimbana.
Salmaniya, ghorofa ya tatu, mrija puani,
na Ijumaa ikateremka dirishani bila kuuliza hali ya mgonjwa.
Muuguzi akasema: hapa kuna mitungi ya hewa, hata kiberiti marufuku.
Heskeli akapekua simu.
Taa ya umeme yafaa, wengine wasema haifai,
pasipo moto baraka haisomwi,
akataja majina, akataja karne.
Bibi alimsikiliza mpaka mwisho; alikuwa na adabu zake.
Kisha akaweka viganja machoni, mbele ya dirisha tupu.

"Bwana, leo moto umekatazwa na daktari.
Saba zako ziko nyumbani, kabatini, glasi nimeiosha.
Salmaniya unapajua.
Na Mwanakheri, goti lake bado."

Kidole cha Heskeli kilikuwa juu ya kioo cha simu.
Kikabaki palepale. Kioo kikazimika chenyewe.

Mimi niliyehitimu juzuu thelathini kwa kiboko,
nilisimama pale nikihesabu:
mara ngapi nimetandika mswala, nikamaliza, nikaukunja,
na sikumwambia Mwenyezi Mungu neno moja la kweli?

Usiku nikarudi. Sufuria ilikuwa motoni,
nilikuwa nimeiteleka mchana kwa mazoea tu,
nyumba haina mtu wa kula.
Nikalala jikoni, sijui kwa nini,
na paka akalala juu ya goti lile.

Asubuhi nikakwangua ukoko, ule mwekundu wa chini kabisa
aliokuwa akiupigania na mimi kila wiki,
nikaufunga kwenye leso, nikapanda basi.

Akauona. "Sikukuagiza," akasema.
"Hukuniagiza, Bibi."
Daktari alikuwa amekataza vitu vigumu.
Akauweka ulimini, akafumba macho,
akaumung'unya polepole, polepole,
mpaka ukalainika.